Mshubiri Nyumbani: Omba Chipukizi, Using'oe Porini

Wakazi wa Tseikuru wanaujua mshubiri, au kiluma kwa Kikamba. Aina zake ndogo hupamba boma na hustahimili kiangazi. Hata hivyo, usiung'oe porini. Uvunaji wa mishubiri ya porini ulipigwa marufuku kwa amri ya Rais mwaka wa 1986, na hadi leo biashara yake inahitaji kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Omba chipukizi kwa jirani au ununue kwenye kitalu.

Kupanda: Weka chipukizi kivulini siku 2 au 3 ili mahali palipokatwa pakauke, la sivyo litaoza. Tumia mkebe au mtungi uliokatwa, wenye matundu chini. Changanya udongo na mchanga wa mtoni kwa kiasi sawa. Usimwagilie maji wiki ya kwanza.

Kutunza: Mishubiri mingi ya nyumbani hufa kwa maji mengi, si kwa jua. Ingiza kidole mchangani. Pakiwa na unyevu, subiri. Maji yaliyosuuza mboga yanatosha. Mwagilia udongo, si katikati ya majani. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikinyesha, sogeza mkebe chini ya paa.

Majani yakiwa mekundu, jua ni kali au maji ni haba; mmea bado u hai. Yakilegea na kuwa ya manjano, punguza maji mara moja.

Tahadhari: Utomvu wa manjano huharisha. Usiwape watoto.

Kwa ushauri zaidi, mwone afisa wa kilimo wa wadi yako.