Derby ya Epsom: Zawadi ni ndogo, fedha ziko shambani

Oktoba 2013 mfugaji wa Uingereza, Anthony Oppenheimer, alipeleka farasi dume wa umri wa mwaka mmoja kwenye mnada wa Tattersalls mjini Newmarket. Bei ilipanda hadi gini 190,000 ikasimama hapo. Mnada huo bado unahesabu kwa gini, na gini moja ni paundi 1.05, hivyo bei hiyo ilikuwa sawa na paundi 199,500. Mwenye mali hakuridhika, akarudi na farasi wake nyumbani. Miezi 20 baadaye farasi huyo, Golden Horn, alishinda Derby, mbio zinazoheshimiwa kuliko zote nchini humo.

Wengi huziona mbio hizo kuwa ni kamari na kofia za matajiri tu. Kwa mfanyabiashara, Derby ni soko linalopanga bei ya mali katika muda wa dakika mbili na nusu.

Mbio zenyewe

Derby ilikimbiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1780 katika viwanja vya Epsom, kusini mwa London. Jina lake limeigwa na nchi nyingi, Kenya ikiwemo, ambako Kenya Derby hukimbiwa katika uwanja wa Ngong, Nairobi. Umbali wa Epsom ni takriban mita 2,420 na hakuna viunzi vya kuruka. Wanaoruhusiwa ni farasi wa miaka mitatu tu, madume na majike; waliohasiwa hawaingii. Madume wote hubeba uzito sawa, majike hupunguziwa ratili 3.

Njia yake ina umbo la kwato ya farasi. Mwanzo ni mlima, kisha mteremko mkali unaoishia kwenye kona ya Tattenham, halafu njia iliyonyooka ambayo imelalia upande mmoja. Farasi mwenye mbio lakini asiye na pumzi huishiwa nguvu hapo. Mwenye pumzi lakini asiyejua kujisawazisha huyumba kwenye mteremko. Kwa kuwa kila farasi huwa na umri wa miaka mitatu mara moja tu maishani, hakuna nafasi ya kurudia mwakani. Ndiyo maana wafugaji huutegemea mtihani huu wanapochagua dume la kupandisha.

Kulipia nafasi

Farasi huandikishwa Derby akiwa bado mdogo, kabla hajakimbia hata mara moja. Mwenyewe hulipa ada kidogo kidogo kwa hatua, na anaweza kujitoa wakati wowote akipoteza kile alichokwisha lipa. Ni sawa na mfanyabiashara anayetanguliza fedha kidogo ili ashikiwe mzigo huku akitazama mwenendo wa soko.

Golden Horn hakuandikishwa. Ukoo wake ulitiliwa shaka kwamba asingeuweza umbali huo. Mei 2015 alishinda mbio za Dante mjini York, na hesabu zikabadilika. Sheria inamruhusu aliyechelewa kuingia siku chache kabla ya mbio, ila kwa bei ya aliyechelewa, ambayo mwaka 2015 ilikuwa paundi 75,000. Fedha hizo hazirudishwi, farasi ashinde au ashike mkia. Oppenheimer alilipa.

Juni 6, 2015, Golden Horn, akiongozwa na mpanda farasi Frankie Dettori, alimaliza wa kwanza akimwacha Jack Hobbs kwa urefu wa farasi watatu na nusu. Zawadi ya mshindi ilizidi paundi 700,000, yaani zaidi ya mara tisa ya ada ya kuchelewa.

Bei ya dau

Wachukua dau walimfunga Golden Horn kwa 13 kwa 8. Maana yake, aliyeweka paundi 8 alipata faida ya paundi 13 na kurudishiwa 8 zake. Gawanya 8 kwa 21 utapata asilimia 38: hiyo ndiyo nafasi ya kushinda iliyokuwa imefichwa ndani ya bei. Ukifanya hesabu hiyo kwa kila farasi na kujumlisha, jumla hupita 100. Kile kinachozidi ni faida ya mchukua dau. Ipo pia njia ya mfuko wa pamoja, ambapo dau zote huchangwa, mwendeshaji hukata fungu lake, na kinachobaki hugawiwa walioshinda. Kwa njia zote mbili, mwenye meza hujilipa kwanza. Anayecheza kila wiki bila kujua makato hayo ni sawa na mchuuzi asiyejua ushuru wa soko.

Fedha ziko shambani

Zawadi, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya mavuno. Mwaka 2016 Golden Horn alianza kupandisha katika shamba la Dalham Hall, Newmarket, kwa ada ya paundi 60,000 kwa kila jike. Tuchukue mfano wa majike 100 kwa msimu mmoja: hizo ni paundi milioni 6, kabla ya kutoa gharama na majike wasioshika mimba. Sheria za farasi wa mbio hukataza kupandisha kwa sindano, hivyo dume hawezi kuwa na watoto bila kikomo, na uhaba huo huisimamisha bei.

Aliyefaidi njia hii kuliko wengi ni Galileo, mshindi wa mwaka 2001. Hadi alipokufa mwaka 2021, watoto wake watano walikuwa wameshinda Derby.

Lakini ada ya dume mpya ni utabiri tu. Watoto wa Golden Horn walianza kukimbia mwaka 2019, na wengi hawakuwa na kasi iliyotarajiwa. Ada ikaporomoka, na baada ya miaka michache dume huyo akahamishiwa shamba la Overbury, kuwahudumia zaidi wafugaji wa farasi wa kuruka viunzi, ambako bei ni za chini.

Huko ndiko mambo yalikogeuka tena. Mwaka 2025 binti yake Golden Ace alishinda Champion Hurdle ya Cheltenham, na mwanawe Trawlerman akatwaa Gold Cup ya Ascot, mbio za takriban mita 4,000. Farasi aliyedhaniwa hataweza mita 2,420 alikuwa amezaa watoto wenye pumzi ya ajabu.

Soko lilimkosea Golden Horn mara mbili: lilimpa bei ndogo mnadani na likampa bei kubwa alipotoka Epsom akiwa na sifa. Waliolipa paundi 60,000 walinunua ushindi wa jana. Waliompelekea majike yao bei iliposhuka walitazama kwanza ni kazi gani damu yake inaifaa, kisha wakaangalia bei. Mwekezaji mdogo anayekimbilia hisa kwa sababu imetajwa kwenye habari za wiki ajiulize yuko katika kundi gani.