Stika ya Gari Lako Imetengenezwaje?

Ukienda kuweka nembo ya biashara kwenye gari, fundi atakutajia bei ya mita ya mraba na kukuonyesha jinsi rangi zinavyong'aa. Siku ya kwanza kila stika inang'aa. Kinachotofautisha bei ni vinili yenyewe, yaani plastiki ya stika.

Vinili ya bei nafuu, yenye mikroni 80 hadi 100 hivi, huanza kama donge la plastiki ya moto linalobanwa katikati ya rola na kuvutwa mpaka liwe jembamba. Plastiki iliyovutwa hutaka kurudi ilivyokuwa. Jua likiipiga mlangoni mwa pikapu, husinyaa taratibu na kuacha gundi wazi ukingoni. Gundi hunasa vumbi, mwishowe kila herufi inazungukwa na mstari mweusi. Vilainishi vyake navyo huhama, vinili ikakakamaa na kupasuka. Ya daraja la kati hutengenezwa vivyo hivyo, ila vilainishi vyake ni vya molekuli ndefu, havitoki upesi. Ya ghali humiminwa ikiwa majimaji, kisha huokwa. Haikuvutwa, kwa hiyo haisinyai ovyo, na kwa mikroni zake 50 hivi hulala vizuri kwenye mabonde ya bodi na vichwa vya ribiti.

Orafol ya Ujerumani huuza madaraja yote matatu, kwa mfuatano huo: Orajet 3640, 3551 na 3951. Jina la kampuni peke yake halitoshi, uliza na namba.

Sasa piga hesabu. Usanifu, uchapaji, laminesheni na ubandikaji utavilipia hata ukichagua vinili duni. Ikiharibika mapema unavilipia upya, pamoja na kazi ya kubandua vinili iliyokakamaa, ambayo hutoka vipande vipande.

Kuna pia suala la bechi, yaani mkupuo wa uzalishaji kiwandani. Rola mbili za vinili za namba ileile zikitoka bechi tofauti, weupe wake unaweza kupishana kidogo, na rangi ya nembo ikapishana ubavu wa kushoto na wa kulia. Kazi ya gari zima ichapwe kwa bechi moja.

Kwa promosheni ya miezi michache, ya bei nafuu inatosha kabisa. Kwa kioo cha duka au ubavu ulionyooka, chukua ya kati. Kwa gari lenye mabonde na ribiti, lipia ya kumiminwa. Miaka ya kudumu inayotajwa na kiwanda hupungua kwenye jua kali, hivyo dai makadirio ya nchi za joto. Na kabla ya kutoa malipo ya awali, omba uonyeshwe boksi la rola ya vinili, usome namba mwenyewe.