Mfupa hausemi jina

Shika mtulinga wa binadamu, ule mfupa mwembamba unaotoka kifuani kwenda begani, uitazame ncha yake ya upande wa kifua. Kwa kijana wa miaka 18 ncha hiyo ina mikunjo kama mawimbi madogo, kwa sababu kipande chembamba cha mfupa kinachoifunika bado hakijashikana nayo. Kinashikana polepole, na mtu akikaribia miaka 30 huwa kimeungana kabisa, pa kuungia pamefutika. Hakuna mfupa mwingine unaochelewa hivyo kumaliza kukua. Kwa hiyo mtulinga mmoja uliotoka ardhini, bila fuvu wala meno, unaweza kuonyesha kwamba marehemu alikuwa mtu mzima lakini bado kijana.

Huko ndiko kusoma mifupa, kazi ya mwanaanthropolojia wa uchunguzi wa jinai. Daktari wa maiti huchunguza nyama na viungo vya ndani. Nyama ikishaoza, anaitwa huyu. Anaulizwa: hii ni mifupa ya watu wangapi? Wanaume au wanawake? Wa umri gani? Walipatwa na nini?

Januari 1996 maswali hayo yalimkabili Clea Koff, binti wa miaka 23 aliyezaliwa na mama Mtanzania na baba Mmarekani, alipofika Kibuye, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda. Alikuwa katika timu iliyoongozwa na William Haglund, iliyofukua kaburi la halaiki kwa ajili ya Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa Arusha. Kaburi lilikuwa jirani na kanisa Katoliki. Aprili 17, 1994, katika mauaji hayo ya kimbari, watu waliokimbilia kanisani hapo kujiokoa waliuawa. Timu ilitoa mabaki ya watu zaidi ya 450, wengi wao wanawake na watoto.

Jinsia husomwa zaidi kwenye nyonga. Ya mwanamke ni pana, na pembe iliyo chini ya mfupa wa kinena imefunguka. Ya mwanamume imebana. Lakini tofauti hizo huja na balehe. Mtoto wa miaka saba hana nyonga ya kike wala ya kiume, ana nyonga ya mtoto. Umri wake, kinyume chake, husomeka vizuri kuliko wa mtu mzima, kwa sababu meno hufuata ratiba: gego la kwanza la kudumu huota kwenye miaka 6, la pili kwenye 12. Fikiria basi kaburi lenye watoto wengi kama lile la Kibuye. Mtaalamu anaweza kuandika umri wa kila mmoja, lakini mifupa yenyewe haimwambii nani alikuwa mvulana na nani msichana. Kimo nacho hukadiriwa kwa kupima mfupa wa paja, ila kanuni zinazotumika sana zilitokana na mifupa ya Wamarekani, wengi wao askari, na ukizitumia kwa watu wengine bila hadhari utakosea.

Kuhusu majeraha, aliyewahi kuvunja kuni ana nusu ya elimu hii tayari. Kijiti kibichi hupinda, kikapasuka kwa mshazari na kuacha nyuzinyuzi. Kikavu hukatika ghafla. Mfupa wa mtu aliye hai, au aliyefariki punde, ni kama kijiti kibichi. Uliokaa ardhini miaka ni kama kikavu, na ukivunjwa na jembe la mchimbaji sehemu iliyovunjika huwa nyeupe kuliko mfupa uliobaki, ambao umekwisha kulowa rangi ya udongo. Jeraha lililopona huacha uvimbe na kingo za mviringo: huyu aliumia, akaishi. Panga huacha mkato ulionyooka wenye uso laini. Rungu hubonyeza fuvu ndani na kutoa nyufa zinazosambaa kutoka pale lilipotua. Huko Kibuye alama za namna hiyo zilikuwa nyingi. Lakini anayekufa kwa kunyongwa, kwa njaa au kwa panga lililopita tumboni tu anaweza asiache alama yoyote mfupani, na mtaalamu mwaminifu huandika hivyo hivyo: sababu ya kifo haikujulikana.

Haglund alitoa ushahidi Arusha katika kesi ya Clément Kayishema, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye na ambaye alikuwa daktari. Mei 1999 Kayishema alihukumiwa kifungo cha maisha. Mifupa haikusema nani alitoa amri. Hilo lilitoka kwa mashahidi walionusurika. Mifupa ilithibitisha kwamba watu walikuwapo, ni wa rika gani, na walipigwa vipi.

Mahakama ilitosheka na hayo. Jamaa wa marehemu anataka jina, na hapa ndipo watu wengi wanapoitarajia sayansi kupita uwezo wake. Jina halimo ndani ya mfupa. Linapatikana kwa kulinganisha: meno na kumbukumbu za daktari wa meno, vinasaba vya marehemu na vya ndugu aliye hai. Kibuye hapakuwa na kumbukumbu za meno za kulinganisha. Nguo zilizotoka kaburini zilipangwa, walionusurika wakaalikwa kupita katikati yake, kutafuta sketi au sweta wanayoijua. Waliotambuliwa ni wachache sana. Koo nzima zilikuwa zimeteketea, na ambaye angeitambua ile sweta mara nyingi alikuwa kaburini humo humo.

Linganisha na Srebrenica, Bosnia. Mwaka 1995 waliuawa wanaume na wavulana wapatao 8,000, na makaburi yakahamishwa kwa mashine hadi mifupa ya mtu mmoja ikatawanyika sehemu mbalimbali. Hata hivyo karibu 7,000 wamepata majina, kwa sababu mama, wake na dada zao walibaki hai na wakatoa damu.

Msitu wa Shakahola, Kenya, walikofia wafuasi wa dhehebu la kufunga hadi kufa, umetuletea swali hilo hilo la jina nyumbani. Miili 429 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, mingi imeharibika vibaya, na familia nyingine ziliingia msituni baba, mama na watoto. Familia zilipoanza kukabidhiwa wapendwa wao mjini Malindi, Machi 2024, ni miili 34 tu iliyokuwa imetambuliwa kwa vinasaba. Serikali iliwaomba ndugu wajitokeze kutoa sampuli, kazi ya dakika chache. Mwili ambao hakuna bibi, mjomba wala shangazi aliyekuja kwa ajili yake ulibaki na namba.