Mwili Umepona, Tumbo Limebaki: Tuwashauri Nini Wenzetu Wanaotumia ARV?



Katika ziara za kutembelea vikundi vya wagonjwa majumbani, kuanzia Kitura na vijiji vingine vya milima ya Umatengo hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, lipo swali ambalo hujitokeza mara kwa mara. Haliulizwi kikaoni. Huulizwa baada ya sala ya kufunga, wakati watu wanaagana. Mama mmoja hukuvuta pembeni, akashika tumbo lake juu ya kitenge, akasema: "Mratibu, mimi nilikonda hadi nikabebwa kwenye machela. Dawa zimeninyanyua, nashukuru. Lakini hili tumbo limetoka wapi, na litaondokaje?"

Zamani nilikuwa nalichukulia swali hili kama jambo la urembo tu. Nilibadilika miaka kadhaa iliyopita, pale mama mmoja mjane wa mwambaoni alipoacha dawa bila kumwambia mtu. Majirani walikuwa wanamnong'ona kwamba ana mimba, ilhali mume wake alikwisha kufariki. Mikono na miguu yake ilikuwa myembamba, mashavu yameingia ndani, tumbo limejaa. Akaona heri aache vidonge akonde kidogo. Kweli alikonda. Baada ya miezi mitano aliletwa akiwa anakohoa, hawezi kusimama. Kwa neema ya Mungu alirudishiwa dawa na yu hai hadi leo. Lakini sisi wa mradi tulijiuliza: tulimfundisha kumeza dawa kwa saa, tulimfundisha kula, mbona hatukumwambia lolote kuhusu tumbo?

Makala hii inakusudia kuziba pengo hilo, ili kamati za sharika ziweze kujibu swali hili kwa usahihi, na wafadhili wetu waone kwamba kazi haikuisha siku dawa zilipofika.

SI KILA TUMBO KUBWA NI MAFUTA

Jambo la kwanza ni tahadhari. Mtu aliyekonda sana kisha tumbo likajaa anaweza kuwa na maji tumboni, uvimbe wa ini au bandama, kifua kikuu cha tumbo, uvimbe wa kizazi, au mimba kweli. Tumbo la mafuta huja polepole, kwa miezi au miaka, na haliumi. Tumbo lililojaa ndani ya siku au wiki chache, linalouma, au linaloambatana na homa, macho ya njano, miguu kuvimba au kukonda upya, halihitaji ushauri wa kamati. Linahitaji hospitali mara moja.

Aidha, ipo ngozi iliyolegea. Mtu aliyepungua kilo nyingi, iwe kwa ugonjwa au kwa kukusudia, hubaki na ngozi inayoning'inia chini ya kitovu. Hiyo si mafuta, wala haina madhara ikiwekwa safi na kavu. Haitayeyuka kwa kukimbia wala kwa kushinda njaa.

MAFUTA HAYA YALITOKA WAPI?

Tukumbuke tulikotoka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Jirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo "Slim", yaani kukonda. Kukonda ndiko kulikokuwa alama ya kifo. Serikali ilipoanza kutoa ARV bila malipo mwaka 2004, kilo zilizorudi zilikuwa furaha ya familia nzima, na hakuna aliyeuliza zimerudi sehemu gani ya mwili.

Sababu ya kwanza ni namna mwili unavyopona. Mtu akikonda sana hupoteza mafuta na misuli kwa pamoja. Akianza kula, mafuta hurudi upesi kuliko misuli. Jambo hili lilionekana wazi katika jaribio lililofanyika Minnesota, Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, chini ya mtaalamu Ancel Keys. Vijana 36 waliojitolea, wengi wao wakiwa waumini wa makanisa yanayokataa vita, walipunguziwa chakula kwa miezi sita hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Waliporudishiwa chakula, mafuta yaliwahi na misuli ikachelewa. Hao hawakuwa na VVU wala hawakumeza dawa yoyote. Kwa hiyo sehemu ya jambo hili ni tabia ya mwili wa binadamu.

Sababu ya pili ni baadhi ya dawa za zamani. Katika miaka ya mwanzo mchanganyiko uliotumika sana nchini ulikuwa na stavudini. Dawa hii iliokoa maisha ya wengi, lakini iliharibu vinu vidogo vya nguvu vilivyo ndani ya chembe za mafuta. Mafuta ya mashavu, mikono, miguu na makalio yakapungua. Zidovudini nayo huweza kufanya hivyo, kwa kiasi kidogo zaidi. Wakati huohuo wagonjwa wengi waliongezeka mafuta ndani ya tumbo, na wengine walitokeza nundu nyuma ya shingo. Wataalamu huiita hali hii lipodistrofia. Novemba 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizishauri nchi ziondoe stavudini hatua kwa hatua. Mjane wetu alikuwa mmoja wa walioitumia kwa miaka mingi.

Sababu ya tatu ni ya siku hizi. Tangu mwaka 2019 wagonjwa wengi nchini wamehamishiwa kwenye kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegraviri, kinachojulikana kama TLD. Ni dawa yenye nguvu na wengi huivumilia vizuri. Hata hivyo, utafiti wa ADVANCE wa Afrika Kusini uliotolewa mwaka huohuo ulionyesha kuwa waliotumia dolutegraviri waliongezeka uzito kuliko waliotumia dawa ya awali, hasa wanawake.

Ipo sababu ya nne, nayo ni sisi wenyewe. Mgonjwa alipokuwa mifupa mitupu tulimwambia aongeze mafuta kwenye mboga, sukari kwenye uji na karanga kwenye kila kitu. Ulikuwa ushauri sahihi. Lakini alipopona, nani alirudi kumwambia kwamba sasa inatosha? Vilevile tulimwambia apumzike. Umatengoni akina mama ndio wanaochimba ngoro, yale mashimo yanayozuia udongo usiteremke mlimani, na ni kazi nzito. Ndugu kwa upendo wakamwambia: "Wewe dada kaa, usijichoshe." Amekaa miaka kumi. Misuli iliyopotea haikupata sababu ya kurudi.

KWA NINI YANANG'ANG'ANIA

Mafuta ya tumbo ni ya aina mbili. Yapo yaliyo chini ya ngozi, ambayo unaweza kuyabana kwa vidole. Yapo mengine yaliyojificha ndani, yanayozunguka utumbo na kukaa karibu na ini. Haya ya ndani ndiyo ya hatari, kwa kuwa huambatana na kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Mtu anayeishi na VVU tayari yuko katika hatari kubwa zaidi ya magonjwa ya moyo kuliko wengine. Itakuwa masikitiko tukimwokoa na UKIMWI kisha tumzike kwa kiharusi.

Mafuta hayaondoki mahali unapopataka wewe. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani waliwapima wachezaji wa tenisi, watu wanaotumia mkono mmoja kwa nguvu miaka nenda miaka rudi. Mkono wa kuchezea ulikuwa na misuli mikubwa zaidi, lakini unene wa mafuta chini ya ngozi ulikuwa sawa na wa mkono mwingine. Ndivyo ilivyo kwa tumbo. Kulala chali na kuinuka mara mia kila asubuhi huimarisha misuli ya tumbo, lakini peke yake hakuyeyushi mafuta yaliyo juu yake. Kufunga mkanda au kitambaa kwa nguvu hubana tu.

KINACHOSAIDIA

Habari njema ni kwamba mafuta yale ya hatari huitikia mazoezi ya mwili mzima. Ushahidi hauko mbali. Mjini Kigali, Rwanda, watafiti wakiongozwa na Eugene Mutimura waliwachukua watu 100 waliokuwa wanatumia ARV na waliokuwa wamebadilika maumbile kama yule mjane wetu. Nusu yao walifanya mazoezi yaliyosimamiwa mara tatu kwa wiki kwa miezi sita, na nusu hawakufanya. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba kiuno cha waliofanya mazoezi kilipungua kwa wastani wa sentimita 7 hivi, na lehemu na sukari katika damu zao zikawa nzuri zaidi. Hakuna aliyehitajika kuacha dawa.

Kwa mazingira yetu, haya yanawezekana:

1. Kutembea kwa haraka kiasi cha kuhema huku ukiweza kuongea, nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Vilima vya Mbinga ni mwalimu tosha. Anayeanza aanze na dakika kumi.

2. Kurudi kwenye kazi za nguvu polepole. Kulima, kuchota maji, kubeba mzigo mwepesi kisha mzito kidogo. Kazi hizi hurudisha misuli. Aliyekuwa mgonjwa asianze na ngoro siku ya kwanza. Aanze na bustani ya mboga.

3. Kubadili sahani, si kuifuta. Ugali, uwe wa mahindi au wa muhogo, upungue hadi robo ya sahani. Maharage au usipa wachukue robo nyingine. Nusu inayobaki iwe mboga za majani kama mnavu, kisamvu au majani ya maboga, zisizoogelea kwenye mafuta. Chai ipunguzwe sukari. Soda na pombe, zikiwemo za kienyeji, hujaza tumbo upesi.

4. Kupima kiuno badala ya kuangalia mizani tu. Misuli ikirudi, mizani inaweza isishuke hata kama mafuta yamepungua. Tumia futi ya fundi cherehani, uipitishe katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kawaida. Kwa mwanamke hatari huanza kupanda kiuno kikifika sentimita 80, kwa mwanaume 94. Kipimo kingine rahisi ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Pima mara moja kwa mwezi na uandike.

Tusidanganyane. Mashavu yaliyoingia kwa sababu ya stavudini hurudi taratibu sana hata baada ya kubadilishiwa dawa, na kwa wengine hayarudi yote. Ipo sindano iitwayo tesamorelini iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ajili ya mafuta haya ya tumboni. Ni ya gharama kubwa, na ikiachwa mafuta hurudi. Miguu yetu ni bora zaidi.

YA KUEPUKA

La kwanza na kubwa: mtu asiache dawa, asipunguze, asiruke siku. Virusi vikirudi, mwili hukonda kwa njia ileile iliyotutia huzuni zamani, na dawa inaweza kukosa nguvu. Mwenye wasiwasi na tumbo lake aliseme kliniki (CTC), apimwe shinikizo la damu na sukari, na mtaalamu ndiye aamue kama kuna dawa ya kubadili.

La pili, chai na unga wa "kukata tumbo" unaouzwa minadani. Nyingi ya bidhaa hizi huharisha tu. Kinachopungua ni maji, na anayeharisha anaweza asifyonze dawa zake ipasavyo.

La tatu, kushinda njaa. Mwili wenye njaa hula misuli yake, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Wenye desturi ya kufunga wakati wa Kwaresma wazungumze na mhudumu wao wa afya kwanza, na vidonge vimezwe kama kawaida.

La nne, kufurahia kukonda kusiko na sababu. Anayeishi na VVU akipungua uzito bila kukusudia, au akikohoa, akapimwe kifua kikuu.

KAZI YA KAMATI YA USHARIKA

Mambo manne hayahitaji bajeti kubwa. Wahudumu wa wagonjwa majumbani waelekezwe kubadili ushauri wa chakula mgonjwa anapokuwa amepona. Kila kikundi kiwe na futi ya fundi na daftari. Kikundi kinachokutana kila wiki kitembee pamoja kabla ya kikao, na wasio wagonjwa watembee nao ili isiwe alama ya kuwatambulisha. Na la mwisho, wazee wa kanisa wakemee minong'ono. Mjane yule hakuacha dawa kwa sababu ya mafuta. Aliacha kwa sababu ya midomo yetu.

Siku hizi yeye hutembea kutoka nyumbani hadi shambani na kurudi, akiwa na dada wawili wa kwaya. Tumbo halijaisha. Limepungua kiasi cha kumwezesha kuvaa gauni lake la zamani baada ya fundi kuliongeza kidogo pembeni. Mara ya mwisho tulipoonana aliniambia kwamba hanong'onwi tena, na kama ananong'onwa, hana muda wa kusikiliza.