Kriketi na Chambo cha Fedha

Mwezi Juni 2024, timu ya kriketi ya Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la mchezo huo kwa mtindo mfupi. Nchini Guyana iliishinda Papua New Guinea, na hilo likawa jambo la fahari kwa taifa zima. Lakini baadaye zilitangazwa habari kwamba, wakati timu ikiwa huko, mtu aliyepata kuichezea Kenya alimtafuta mchezaji mmoja wa Uganda kwa nambari mbalimbali za simu. Taarifa iliwafikia maofisa wa Baraza la Kimataifa la Kriketi wanaopambana na rushwa, na timu nyingine zikatahadharishwa.

Kwa nini simu tu ihesabiwe kuwa jambo zito? Sababu ni kwamba kriketi ni mchezo wa vipande vidogo. Katika mtindo mfupi kila upande hutupiwa mipira 120, na wacheza kamari huweza kubashiri hata mtupo mmoja. Hivyo mhalifu hahitaji kuinunua mechi nzima. Mwezi Agosti 2010, mjini London, watupaji wawili wa Pakistan, Mohammad Asif na Mohammad Amir, walivuka mstari kwa makusudi kwa njama iliyomhusisha nahodha wao, Salman Butt. Mwaka 2011 mahakama ya Uingereza iliwafunga wote watatu.

Fedha zilizomo ni nyingi, na fahari yake huwapumbaza wengi. Katika ligi ya India iliyoanza mwaka 2008, timu ya Kolkata, ambayo mcheza sinema Shah Rukh Khan ni mmoja wa wamiliki wake, ilimnunua Mitchell Starc wa Australia kwa kiasi cha dola milioni 3 kwa msimu wa 2024. Mchezaji wa nchi maskini huona utajiri huo kwa mbali, na laghai humjia akijua hivyo.

Hata hivyo, umaskini si sababu pekee. Hansie Cronje, nahodha wa Afrika Kusini aliyeheshimiwa sana, alipokea fedha pamoja na koti la ngozi, na mwaka 2000 alifungiwa maisha. Kenya nayo ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Mwaka uliofuata Maurice Odumbe, aliyepata kuwa nahodha wake, alifungiwa miaka mitano kwa kupokea fedha za mpanga kamari, ingawa yeye alikana.

Wahenga walinena: mwonja asali haonji mara moja. Ndiyo maana kanuni za kriketi humwadhibu hata anayenyamaza. Mwaka 2019 Shakib Al Hasan, nahodha wa Bangladesh, alifungiwa kwa sababu hakutoa taarifa alipofuatwa, ijapokuwa hakuuza mechi yoyote.

Fundisho hilo halimhusu mchezaji peke yake. Askari aliyeko kambini Mbarara, au anayelinda raia na wakimbizi Endiinzi na Nakivale, naye amekabidhiwa imani ya watu. Anayetaka kumnunua hataanza na donge kubwa. Ataanza na zawadi ndogo isiyo na masharti. Siku ya kukataa ni hiyo ya kwanza, na siku ya kumwarifu mkuu wa kazi ni hiyo hiyo.