Shamba la Momella

Shamba la Momella lilikuwa shamba la walowezi wa Kijerumani upande wa mashariki wa Mlima Meru, katika Mkoa wa Arusha, kaskazini mwa Tanzania. Leo sehemu kubwa ya eneo lake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, karibu na maziwa ya magadi ya Momella.

Historia

Wakati wa ukoloni wa Kijerumani mashamba ya walowezi yaliuzunguka Mlima Meru kama pete. Wameru na Waarusha walibaki na miteremko ya juu, wakakosa njia ya kwenda kwenye malisho ya tambarare.

Mwaka 1907 Margarete Trappe (1884-1957) na mume wake Ulrich walihamia Momella wakafuga ng'ombe na farasi. Margarete anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Afrika ya Mashariki kufanya uwindaji kuwa kazi yake. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia familia ilinyang'anywa shamba na Waingereza, ikarudi katika miaka ya 1920.

Ufugaji

Ng'ombe wa nyanda hizo husumbuliwa na ndigana kali, inayoenezwa na kupe. Farasi huuawa na ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na wadudu wadogo wanaouma hasa usiku. Kwa sababu hiyo banda la farasi katika Afrika si kinga dhidi ya simba na chui tu: wanyama hufungiwa ndani kabla ya jua kuzama ili wasiumwe.

Mgogoro wa ardhi

Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mwa Momella, ili ardhi yao igawiwe kwa wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini kesi hiyo ilichochea harakati za kudai uhuru wa Tanganyika.

Hifadhi na filamu

Trappe alikuwa ametenga sehemu ya shamba kwa ajili ya wanyamapori. Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto ilipoanzishwa mwaka 1960, shamba liliingizwa ndani yake. Mlima Meru uliongezwa mwaka 1967, na baadaye hifadhi ikaitwa Arusha. Jina la Ngongongare, shamba lingine la familia hiyo, limebaki kwenye lango la hifadhi.

Momella ilionekana pia katika filamu ya "Hatari!" (1962) ya Howard Hawks, iliyochezwa na John Wayne. Mwigizaji mwenzake, Mjerumani Hardy Krüger (1928-2022), alinunua sehemu ya shamba akaishi hapo hadi miaka ya 1970. Nyumba yake sasa ni hoteli ya watalii.

Hivyo ardhi ileile imekuwa malisho, shamba la walowezi na hifadhi, huku vijiji vya Wameru vikiendelea kupakana nayo.