Nauli Nayo ni Sehemu ya Tiba

Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, kati ya Kigongo na Busisi. Wagonjwa wanaopewa rufaa kutoka Geita kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambao zamani walisubiri kivuko, sasa huvuka kwa dakika chache. Ujenzi wa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye kilomita 341, nao ulizinduliwa mwaka 2021.

Wataalamu wa mipango miji hushauri kwamba makazi, masoko na zahanati vijengwe karibu na vituo vya usafiri wa umma. Ushauri huo ni mwema, lakini una mtego. Kituo kikijengwa, viwanja vinavyokizunguka hupanda bei, na mwenye kipato kidogo huhamia pembezoni, mbali na huduma ileile iliyokusudiwa kumfaa. Katika ukanda wa dhahabu hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa makazi ya wachimbaji wadogo huchipuka penye dhahabu kabla mpima ardhi hajafika.

Umbali huo una gharama kiafya. Vumbi la mawe huharibu mapafu ya mchimbaji na kumweka katika hatari kubwa ya kifua kikuu, ambacho matibabu yake ya kawaida huchukua miezi 6. Anayekosa nauli ya bodaboda leo hukosa dawa kesho, na vimelea hupata nafasi ya kuwa sugu.

Kwa mama mjamzito, muda ni mfupi zaidi. Wataalamu wa uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaoua: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa pili ndio ulioshughulikiwa na mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Shinyanga na Sengerema kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Namba 115 hupigwa bila malipo. Mhudumu hupima hali ya mgonjwa, kisha hutuma gari la wagonjwa au, lisipopatikana, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Dereva hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama au mtoto mchanga kituoni. Familia haidaiwi nauli.

Hapo pana funzo kwa wapanga miji. Daraja na reli hufupisha safari ndefu. Kilomita chache kati ya nyumba na barabara kuu humwachia mgonjwa mzigo wote. Halmashauri inapochagua mahali pa stendi, imwite mganga mkuu mezani. Mhudumu wa afya naye, anapopanga tarehe ya kurudi kliniki, amuulize mgonjwa atafikaje. Na kila familia inayotarajia mtoto iihifadhi namba 115 mapema, kabla uchungu haujaanza.